Simu Mkononi mwa Mzee: Nafasi ya Kiswahili katika Kugeuza Hofu ya Teknolojia Kuwa Hadhari, Nakuru na Bonde la Ufa la Kati

IKISIRI

Makala haya yanachunguza hofu inayowapata wazee wengi wa Nakuru na viunga vyake wanapolazimika kutumia simu kwa shughuli za kila siku kama vile kupokea pesa, kuagiza mbolea na kujiandikisha kwa huduma za afya. Hoja kuu ni kwamba hofu hiyo ni hofu ya lugha kabla ya kuwa hofu ya mashine. Mzee huogopa maneno yanayomwamuru bila kumweleza, na majina yanayoficha maana. Makala yanajadili majina ya huduma, sarufi ya ujumbe wa ulaghai na uteuzi wa istilahi, kisha yanapendekeza somo la mfano linaloweza kuendeshwa na wanafunzi wa Kiswahili. Inashikiliwa kwamba lengo la somo kama hilo si kumwondolea mzee hofu yote, bali ni kuigeuza hofu iwe hadhari.

1.0 UTANGULIZI

Nakuru, uliopewa hadhi ya jiji tarehe 1 Desemba 2021, ulikua kutokana na reli na mashamba makubwa ya walowezi. Watu walitoka pembe nyingi za nchi kuja kufanya kazi, na Kiswahili kikawa lugha ya kuwaunganisha sokoni, shambani na katika vibanda vya wafanyakazi. Wazee wa leo wa Njoro, Molo, Bahati, Rongai na Subukia ni watoto wa historia hiyo. Wengi wao walikijua Kiswahili kwa kukisikia na kukisema, wala si kwa kukisoma darasani.

Katika sensa ya mwaka 2019, Kenya ilikuwa na zaidi ya watu milioni 2.7 wenye umri wa miaka 60 na kuendelea. Kizazi hiki kimejikuta katika dunia ambamo mambo makubwa ya maisha hupitia katika kioo kidogo cha simu. Huduma ya M-PESA ilianzishwa na kampuni ya Safaricom mwezi Machi 2007, na tangu hapo mtoto aliye Nairobi humtumia mzazi wake aliye Molo pesa za matumizi bila kupanda gari. Mkulima aliyesajiliwa katika mpango wa mbolea ya ruzuku hupata ujumbe wa simu kabla ya kwenda kuchukua magunia yake kwenye ghala la Bodi ya Taifa ya Nafaka na Mazao. Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya bima ya awali mwezi Oktoba 2024, wananchi walitakiwa kujiandikisha kwa njia ya mtandao au kwa kubonyeza *147#. Mpango wa Inua Jamii, unaowapa wazee walioandikishwa Sh 2,000 kwa mwezi, nao hauwezi kutenganishwa na mambo ya akaunti, kadi na namba.

Kwa hiyo swali la mzee na simu si suala la anasa. Anayeshindwa kusoma ujumbe wa mbolea huenda akapanda bila mbolea. Anayempa kijana namba yake ya siri ili amtolee pesa amempa ufunguo wa ghala. Mada hii huachiwa wataalamu wa kompyuta na watu wa maendeleo ya jamii. Makala haya yanaonyesha kwamba ni mada ya mwanafunzi wa Kiswahili pia, na pengine ni yake kwanza.

2.0 HOFU NA CHIMBUKO LAKE

Ni kawaida kusikia vijana wakisema kwamba wazee wanaogopa simu kwa sababu ni washamba au wamechelewa. Kauli hiyo haina msingi. Wazee hao hao waliwahi kujifunza kuendesha trekta, kupiga dawa ya mimea, kupima maziwa na kuweka hesabu za ushirika. Hofu yao ina sababu, na sababu hizo zafaa kutenganishwa.

Kwanza, kuna hofu ya hasara isiyo na shahidi. Katika biashara waliyoizoea wazee, pesa zilitoka mkono mmoja zikaingia mwingine huku macho yakiona. Kukiwa na mgogoro, mtu aliweza kumwita jirani aliyekuwapo. Katika simu, pesa huondoka kimya kimya, na kosa la tarakimu moja hupeleka mali kwa mtu asiyejulikana.

Pili, kuna hofu ya aibu. Mzee ndiye anayetarajiwa kufundisha. Anapoketi mbele ya mjukuu wake na kuambiwa, "Si nilikuonyesha jana?", ngazi ya heshima inapinduliwa. Wengi huona heri kusema kwamba simu ni "mambo ya watoto" kuliko kukosea hadharani.

Tatu, kuna hofu ya sauti isiyojibu. Mashine huamuru: weka, ingiza, chagua, thibitisha. Mzee akikawia, huduma hukatika na kumrudisha mwanzo. Katika adabu ya mazungumzo ya wakazi wa Bonde la Ufa, mdogo hamtupii mkubwa kitenzi kitupu cha kuamuru. Huanza kwa "mzee", "mama", "guka", "cucu" au "gogo" kulingana na jamii, kisha huomba. Menyu ya simu haina adabu hiyo, na ujumbe wa kosa husomeka kama karipio.

Zaidi ya hayo, hofu ya wazee ina ushahidi wa kuitegemeza. Mwezi Julai 2023 mfumo wa serikali wa eCitizen ulishambuliwa na wadukuzi, na huduma nyingi zikatatizika kwa muda. Katika mji wa Mulot, mpakani mwa Narok na Bomet, maafisa wa upelelezi wamewakamata washukiwa wa ulaghai wa simu mara kadhaa. Wahenga walisema kwamba aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Anayemwambia mzee "usiogope" anamwambia jambo lisilo kweli, na mzee anajua hivyo.

Hapa ndipo tofauti ya maneno mawili inapokuwa na manufaa. Hofu humfunga mtu asitende. Hadhari humruhusu atende huku akiangalia. Methali "tahadhari kabla ya hatari" haimkatazi mtu kusafiri. Inamtaka aangalie njia. Somo bora kwa mzee ni lile linalomtoa katika hofu na kumfikisha katika hadhari.

3.0 MAJINA YA HUDUMA: MLANGO WA KISWAHILI, NYUMBA YA KIINGEREZA

Mtazamaji wa huduma za simu nchini Kenya hukutana na jambo la kushangaza. Majina mengi ya huduma ni ya Kiswahili: Sambaza, Okoa Jahazi, Hakikisha, Fuliza, Pochi la Biashara, Lipa na M-PESA. Lakini akishaingia ndani, masharti na maelezo mengi hukutana naye kwa Kiingereza. Menyu ya M-PESA inaweza kubadilishwa iwe ya Kiswahili, ila anayetaka kuibadilisha hulazimika kwanza kupita katika menyu ya Kiingereza. Ni kama mwenyeji aliyemkaribisha mgeni mlangoni kwa lugha yao, kisha akamwacha sebuleni na watu wasiomwelewa.

Majina yenyewe hayalingani kwa uwazi. "Sambaza" ni kitenzi kinachosema kinachofanyika: muda wa maongezi unatoka kwa mmoja na kugawiwa mwingine. "Hakikisha", huduma iliyoanzishwa mwaka 2015, ni jina zuri zaidi. Humwonyesha mtumaji jina la anayetumiwa pesa ili aweze kusitisha iwapo amekosea. Mzee akijua maana ya neno, amekwisha kujua nusu ya kazi.

Lakini "Okoa Jahazi" ni sitiari. Mwenye kuishiwa na muda wa maongezi analinganishwa na chombo kinachozama, na kampuni inakuja kama mwokozi. Sitiari hiyo imeficha kwamba muda huo ni mkopo, na kwamba hutozwa ada ya asilimia 10. Vivyo hivyo "Fuliza", huduma iliyozinduliwa mwezi Januari 2019, imetokana na kitenzi chenye maana ya kuendelea bila kusita. Mtumiaji ambaye salio lake halitoshi huruhusiwa kukamilisha malipo, kisha hudaiwa pamoja na ada. Hakuna silabi hata moja katika jina hilo inayosema "kopa". Mzee anayekubali kuendelea bila kusita anaweza kushangaa kesho pesa alizotumiwa na mwanawe zikikatwa kabla hajazigusa.

Mwanafunzi wa fasihi amezoea kuuliza: sitiari hii inaangaza nini na inaficha nini? Swali hilo hilo, likipelekwa kwenye kioo cha simu, ni ulinzi wa mali. Katika kumfundisha mzee, kila jina la huduma lafaa kufasiriwa kwa sentensi moja nyofu: "Okoa Jahazi ni kukopa muda wa maongezi." "Fuliza ni kukopa pesa."

Mwaka 2023, serikali ilipozindua programu ya simu ya kuwapa wananchi huduma zaidi ya 5,000, iliipa jina la Gava Mkononi. "Gava" ni neno la Sheng lenye maana ya serikali. Kijana wa Kaptembwa halitafuti neno hilo katika kamusi yoyote. Bibi wa Kuresoi, aliyezoea "sirikali" ya chifu na baraza, huenda akapita mbele ya mlango huo bila kujua kwamba ni wake pia.

Dhidi ya majina hayo ya kampuni na ya serikali, kuna jina lililobuniwa na watumiaji wenyewe. Simu ndogo ya vibonyezo yenye tochi Wakenya waliiita "mulika mwizi". Jina hilo lina ucheshi, lina picha, na linataja kazi ambayo mwananchi alikiona chombo kikiifanya: kumulika gizani. Wazee hawakulikwepa jina hilo, na wengi hulitumia bila kigugumizi. Hili linathibitisha kwamba wazee hawaogopi chombo kipya wanapokuwa wamepewa, au wamejipa, neno la kukishikia.

4.0 SARUFI YA ULAGHAI: MFANO WA "ILE PESA"

Wakenya wengi wamewahi kupokea ujumbe mfupi unaowataka watume "ile pesa" kwa namba fulani. Ujumbe huo unastahili kuchambuliwa na wanaisimu kwa sababu nguvu yake yote imo katika kiashiria kimoja.

Kiashiria "ile" katika matumizi haya hakioneshi kitu kilicho mbali kwa macho. Kinarejelea kitu ambacho msemaji na msikilizaji wanakifahamu tayari. Mlaghai hamjui anayemwandikia, lakini sarufi yake inajifanya kumjua. Mzee ambaye juzi alizungumza na mwanawe kuhusu karo, au na fundi kuhusu mabati, hujaza pengo mwenyewe: "ile pesa" inakuwa pesa ya karo au ya mabati. Mlaghai ametoa kiashiria tu, na mzee ndiye aliyetoa nomino, sababu na, mwishowe, pesa.

Jibu la kisarufi ni fupi: "Ile ipi?" Mzee anayezoeshwa kuuliza swali hilo kwa sauti, na kumpigia anayehusika kwa namba aliyoizoea, amepata kinga isiyohitaji ujuzi wowote wa mitambo. Ni hoja ya darasa la kidato cha pili iliyogeuka kuwa ngao.

Aina ya pili ya ulaghai huiga ujumbe wa kupokea pesa. Baada ya ujumbe huo, mtu hupiga simu akilia kwamba amekosea namba na kuomba arudishiwe. Hapa somo ni la usomaji makini. Ujumbe wa kweli wa M-PESA huja kwa jina la huduma, hauji kwa namba ya mtu binafsi. Pia salio ndilo shahidi wa kuaminika kuliko ujumbe. Mzee afundishwe kutazama salio kwanza, kabla ya huruma. Wala hatatenda ubaya kwa kusita, kwa kuwa aliyekosea kweli ana njia yake ya kudai: hupeleka ujumbe wa muamala huo kwa namba 456 ili kampuni ishughulikie. Ujumbe wa kitapeli nao huweza kuripotiwa kwa 333. Inasikitisha kwamba ile simu iliyopewa jina la kumulika mwizi imekuwa njia ya mwizi kuingilia, lakini anayejua kusoma anaweza kuirudisha kwenye kazi yake.

5.0 ISTILAHI: NENO LA VITABUNI AU NENO LA MDOMONI?

Ikiwa Kiingereza kimewafungia wazee nje, je, kila istilahi ya Kiswahili itawafungulia? Jibu ni hapana, na wanafunzi wa Kiswahili hawana budi kulipokea jibu hilo kwa unyofu.

Katika shule za Kenya, mwanafunzi hufunzwa "tarakilishi", "rununu" na "nywila". Maneno haya yana nafasi yake katika insha na katika ukuzaji wa lugha. Lakini mzee wa Elburgon aliyeambiwa "weka nywila kwenye rununu yako" yuko mbali na maana sawasawa na yule aliyeambiwa kwa Kiingereza. Pengine yuko mbali zaidi, kwa sababu sasa ataona aibu ya kutoelewa lugha aliyodhani ni yake. Asiyejua maana haambiwi maana, na hapa asiyejua maana si mzee peke yake. Ni pia mwalimu asiyejua kwamba neno lake halijafika.

Kigezo cha kuteua neno la kufundishia kiwe hiki: neno linalotumika mdomoni litangulie, na lile la vitabuni lifuate iwapo linahitajika. "Simu" itangulie "rununu". "Kompyuta" itangulie "tarakilishi". "Ajenti", neno ambalo wakazi wa Nakuru hulisema kila siku, liunganishwe na "wakala" ili mzee alitambue akilisoma. "Salio" lielezwe kuwa ni "pesa zilizobaki".

Uwazi wa istilahi huwa na uzito mkubwa zaidi panapokuwa na maneno mawili yanayokaribiana. Mzee huonywa kila mara: "Usimpe mtu yeyote namba ya siri." Kisha anapokwenda kujiandikisha kwa huduma fulani, mhudumu humwambia: "Nisomee hiyo namba iliyoingia kwenye simu yako." Mzee mwenye hadhari hukataa na kuonekana mkaidi. Asiye na hadhari hukubali, na kesho yake humkubalia pia mlaghai anayeuliza kwa maneno yale yale. Tatizo hapa ni kwamba vitu viwili tofauti vimepewa jina moja, "namba".

Inapendekezwa kwamba katika kufundishia vitofautishwe hivi. "Namba ya siri" ni ile ya kudumu ambayo mwenyewe aliichagua. Hiyo hapewi mtu yeyote, awe mtoto, ajenti au afisa. "Namba ya mara moja" ni ile inayotumwa na huduma ili kuthibitisha mhusika. Hiyo hutumiwa tu pale mzee mwenyewe alipokwenda kuiomba huduma hiyo, na baada ya kusoma katika ujumbe jina la huduma iliyoituma. Ikiingia namba ya mara moja bila yeye kuomba chochote, hiyo ni hatari na hapewi mtu. Istilahi hizi mbili zina thamani kwa mzee kuliko orodha ya istilahi mia moja za kompyuta.

6.0 MAFUNZO KUTOKANA NA KISOMO CHA GUMBARU

Kuwafundisha watu wazima jambo jipya si kazi iliyoanza jana katika Afrika Mashariki. Mwaka 1979 serikali ya Kenya ilianzisha kampeni ya taifa ya kufuta hali ya kutojua kusoma na kuandika, na madarasa ya watu wazima yakajulikana kwa jina la gumbaru au ngumbaru. Wapo wazee wa Nakuru ambao waliandika majina yao kwa mara ya kwanza katika madarasa hayo.

Nchini Tanzania, mwaka 1970 ulitangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mradi wa majaribio ulioanza mwaka 1968 katika mikoa ya Ziwa kwa ushirikiano na UNESCO ulijengwa juu ya wazo la kisomo chenye manufaa: mkulima wa pamba alijifunza kusoma kwa kitabu kinachozungumzia pamba. Hakutakiwa kwanza kusoma hadithi za mbali ndipo baadaye arejee shambani kwake.

Mzee Kimani Ng'ang'a Maruge alijiunga na darasa la kwanza mjini Eldoret mwezi Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84, baada ya elimu ya msingi kutolewa bila malipo. Alitaka kujisomea Biblia mwenyewe badala ya kutegemea kusomewa na wengine. Bi. Priscilah Sitienei wa Ndalat, Nandi, aliyekuwa mkunga, aliketi darasani na watoto akiwa na miaka 90 na ushei, hadi alipofariki mwaka 2022. Watoto walimwita Gogo, yaani nyanya. Kuwa mwanafunzi hakukumvua cheo chake cha ukubwa.

Kutokana na historia hii yapo mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba somo lianze na haja ya mwanafunzi: ujumbe wake wa mbolea ndio kitabu chake cha kwanza. La pili ni kwamba heshima isisubiri ujuzi. Mzee aitwe mzee hata anapokosea.

7.0 SOMO LA MFANO

Mazungumzo yafuatayo ni ya kubuni. Yamekusudiwa kuonyesha mwenendo wa somo la kwanza kati ya mwanafunzi wa Kiswahili na mkulima mzee wa Njoro.

MWALIMU: Habari ya asubuhi, mzee? Karibu uketi.

MZEE: Ni njema. Lakini nikwambie mapema: simu yangu ni ya kupokea tu. Hayo mengine ni ya watoto.

MWALIMU: Hata kupokea ni kazi, mzee. Naomba leo tusome ule ujumbe wa mbolea. Uishike wewe mwenyewe, mimi nitaangalia tu.

MZEE: Na nikibonyeza vibaya, pesa ziende?

MWALIMU: Kufungua ujumbe na kuusoma hakutumi pesa. Pesa hazitoki mpaka uweke namba ya siri, na leo hatutaigusa kabisa.

MZEE: Kumbe. Haya.

MWALIMU: Hapo juu pameandikwa nini?

MZEE: Ni kama jina.

MWALIMU: Ndiyo, jina la aliyekuandikia. Mtu akikuletea gunia nyumbani, huulizi kwanza limetoka kwa nani?

MZEE: Siwezi kupokea gunia nisilojua lilikotoka.

MWALIMU: Basi na ujumbe ni hivyo hivyo.

Mambo manne yanajitokeza katika mazungumzo haya. Simu haikuondoka mkononi mwa mwenyewe. Hofu ya mzee ilijibiwa kwa ukweli mahususi badala ya "usiogope". Jambo jipya lilifungwa kwenye jambo analolijua. Hatimaye, mwalimu aliomba, hakuamuru.

Masomo yanayofuata yanaweza kupangwa kwa hatua hizi:

(i) Kusoma kwa sauti. Kila ujumbe wa pesa usomwe kwa kutafuta majibu ya maswali matano: nani ameandika, nini kimefanyika, ni kiasi gani, ni kwa nani, na kimebaki nini. Asiyejua kusoma vizuri anaweza kuanza kwa kutambua tarakimu, ambazo wazee wengi wanazifahamu kutokana na biashara.

(ii) Kutenda kwa kiasi kidogo. Mzee amtumie mtu aliyeketi naye kiasi ambacho kikipotea hakimlizi mtu, kama vile shilingi 20. Mpokeaji asome ujumbe kwa sauti. Kwa njia hii ule ushahidi wa macho uliokosekana unarudishwa.

(iii) Kukosea kwa makusudi. Mzee aandike namba isiyo sahihi, aone jina geni likitokea, kisha asitishe. Aliyewahi kukosea na kujinasua haogopi tena sawa na yule ambaye hajawahi kukosea kamwe.

(iv) Kulinda namba ya siri. Mzee achague namba mwenyewe, isiwe mwaka wake wa kuzaliwa, na mwalimu ageuze uso anapoiandika. Tendo hilo dogo la kugeuza uso linafundisha kuliko hotuba.

(v) Kumfundisha mwenzake. Somo la mwisho liwe la mzee kumweleza mzee mwingine. Akiweza kueleza kwa maneno yake, amejua. Maneno atakayoyachagua ndiyo mwalimu anayopaswa kuyaandika daftarini, kwa maana hayo ndiyo istilahi zilizofaulu.

8.0 MIPAKA YA HOJA

Si haki kuitwika lugha mzigo wote. Macho hupungua nguvu, na maandishi ya simu ndogo ni madogo. Vidole vilivyoshika jembe kwa miaka hamsini havigusi kioo kwa wepesi. Wapo pia wazee wa Mau, Kuresoi na Molo ambao Kiswahili chenyewe si lugha yao ya karibu. Wao huhitaji maelezo kwa Kikuyu, Kipsigis au Kiogiek kwanza, ndipo neno la Kiswahili litiwe mahali pake. Mwanafunzi wa Kiswahili asione hilo kuwa ni kushindwa kwa lugha yake. Daraja hujengwa kutoka ng'ambo zote mbili.

Aidha, mzee ana haki ya kukataa. Ibara ya 57 ya Katiba ya mwaka 2010 inawapa wazee haki ya kushiriki kikamilifu katika mambo ya jamii na kuishi kwa heshima. Ibara ya 7 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Zikisomwa pamoja, ibara hizi zinaunga mkono hoja mbili: kwamba huduma muhimu ipatikane kwa Kiswahili kinachoeleweka, na kwamba pabaki mtu wa kuongea naye ana kwa ana kwa yule ambaye simu imemshinda. Kumfundisha mzee kusigeuke kisingizio cha kufunga dirisha la ofisi.

9.0 HITIMISHO

Makala haya yameonyesha kwamba sehemu kubwa ya hofu ya mzee mbele ya simu hutokana na maneno: amri zisizo na adabu, majina yanayoficha deni, viashiria vinavyojifanya vinamjua, na istilahi zinazochanganya vitu viwili. Ikiwa ugonjwa una asili ya lugha, sehemu ya dawa imo mikononi mwa wanaojifunza lugha.

Wanachama wa vyama vya Kiswahili katika vyuo vya Nakuru na kwingineko wana kazi iliyo karibu nao. Wakusanye jumbe halisi zinazowafikia wazee, baada ya kuficha majina na namba za wahusika. Wapime istilahi zao kwa kuwauliza wazee walichoelewa. Waandae kijitabu chepesi chenye herufi kubwa, na wakipeleke makanisani, misikitini, katika maktaba ya umma, kwenye vyama vya akina mama na katika baraza za machifu. Kazi hiyo haihitaji mtambo wowote. Inahitaji mtu anayejua maana ya maneno, na aliye tayari kuketi karibu na mzee bila kumnyang'anya simu.

MASWALI YA MJADALA

1. Chagua majina matatu ya huduma za simu. Eleza kila jina linaangaza nini na linaficha nini.

2. Tunga ujumbe wa kumwarifu mkulima mzee kuhusu mbolea yake, kwa maneno yasiyozidi ishirini na tano, bila neno la Kiingereza wala neno asilolijua.

3. Je, mwalimu atumie "nywila", "neno la siri" au "namba ya siri"? Toa sababu kutokana na matumizi ya watu wa eneo lako.